Vitabu Vilivyotugusa

Katika kikao chetu cha mwezi kila mmoja aliombwa ataje kitabu alichokipenda. Tulidhani vitatajwa vya mapishi!

Mama mmoja alisimama na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 na kuwahi kukatazwa mashuleni. Wengine tuliguna. Akasema, "Kisomeni pamoja na mabinti zenu. Baba watoto humlinda binti yetu kwa fimbo, kama Zakaria alivyomlinda Rosa. Nami hunyamaza."

Ukumbi ukawa kimya. Sisi wauguzi tumewapokea akina Rosa wodini, usiku, wakitokwa damu, mama zao wasijue lolote. Waliogopa kupigwa kuliko kufa. Kitabu kinaumiza kukisoma, lakini tunakubaliana naye.

Mwingine alikisifu Siku Njema cha Ken Walibora (1996), habari za Kongowea, kijana wa Tanga anayevuka hadi Kenya kumtafuta baba yake. Mama huyu analea mtoto wa marehemu dada yake. Anasema ameacha kumficha habari za baba yake.

Nakala ya Rosa Mistika ni moja tu. Tunaoingoja tuko watano.