Sauti /r/ na Hadhi ya Msemaji: Funzo Kutokana na Lahaja za Kiingereza

Wapo wanafunzi wa lugha wanaoamini kwamba lahaja ni lugha sanifu iliyoharibika. Makala hii inakusudia kuipinga dhana hiyo kwa kuchunguza sauti moja tu ya Kiingereza, yaani /r/ inayofuata irabu.

Kati ya 1950 na 1961, Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds aliongoza uchunguzi wa lahaja katika maeneo 313 ya Uingereza, mengi yakiwa vijiji. Waliohojiwa walikuwa hasa wazee wenyeji. Ilibainika kwamba watu wa kusini-magharibi, kwa mfano Somerset na Devon, waliitamka /r/ hiyo, ilhali sehemu nyingi za mashariki zilikuwa zimeidondosha. Hata hivyo, ramani za lahaja hazikueleza ni kwa nini wakazi wa mahali pamoja hutofautiana kimatamshi.

Swali hilo lilishughulikiwa na William Labov jijini New York. Mnamo 1962 alizuru maduka matatu: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la wenye kipato cha chini. Aliwauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambazo alijua fika ziko orofa ya nne, ili wajibu 'fourth floor'. Kisha alijifanya hakusikia, nao wakakariri kwa makini. Kati ya wauzaji 264, walioitamka /r/ angalau mara moja walikuwa asilimia 62 Saks, 51 Macy's na 20 S. Klein. Tofauti iliyodhaniwa kuwa ya kiholela ilifuata ngazi za jamii. Aidha, /r/ ilijitokeza zaidi katika jibu la pili, hususan Macy's. Ishara kwamba wasemaji walitambua tamko lipi lina hadhi.

Hebu tulinganishe. Nchini Uingereza, matamshi ya hadhi huidondosha /r/ hiyo, na kuitamka huhusishwa na ushamba. Huko New York, kuidondosha ndiko kulikodunishwa. Ikiwa sauti ile ile yatukuzwa huku na kubezwa kule, basi hadhi haimo katika sauti bali katika cheo cha wanaoitamka.

Funzo hili latuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Msemaji wa Kimvita asemapo 'matozi', 'teka' na 'mtele' hakosei. Anafuata kanuni, kwani /t/ yake hutokea pale ambapo Kiunguja kina /ch/: 'machozi', 'cheka' na 'mchele'. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika kikao cha Mombasa cha 1928, wala si kwa sababu sauti zake ni bora kuliko za lahaja nyingine.

Mwalimu anayemwelekeza mwanafunzi kwenye usanifu anatimiza wajibu wake. Lakini anayemwambia kwamba nyanya yake hajui Kiswahili amemdhulumu mtoto huyo, na ameikosea isimu pia.