Kipenga kikishalia: Kwa nini Senegal walirudiwa mechi na Yanga hawakurudiwa

NCHELENGE, Zambia

Katika mwambao wa Ziwa Mweru, mpira wa miguu hauna mpaka. Upande wa mashariki, Nchelenge na soko lake la Kashikishi, watu ni wa Chipolopolo. Ng'ambo ya maji, Kilwa ya Kongo na Pweto, kule mto Luvua unakotokea ziwani, ni nchi ya TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi. Mtanzania anayefika huku kufuata samaki naye huja na Simba au Yanga yake moyoni.

Boti huvuka na unga wa mahindi, zikarudi na samaki, na mabishano huvuka nazo. Bishano lisilokwisha ni la mwamuzi. Kila shabiki ana mechi yake aliyoibiwa. Na kila anayebisha huishia kwenye swali lile lile: mbona wale walirudiwa mechi yao na sisi tukaambiwa tunyamaze?

Jibu halipo kwenye ukubwa wa uonevu. Lipo kwenye aina ya kosa. Anayeishi kwa kuvusha mizigo atalielewa upesi, kwa sababu mpakani nako si kila malalamiko husikilizwa, hata yakiwa ya kweli.

Mzambia na saa yake

Tuanze na mwana wa nyumbani. Janny Sikazwe, mwamuzi wa Zambia, amesimama kwenye mechi ambazo wengi huziota. Alichezesha fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, Real Madrid na Kashima Antlers, mjini Yokohama tarehe 18 Desemba 2016. Matokeo yakiwa 2-2 na dakika zikielekea ukingoni, Sergio Ramos, aliyekwisha kuonyeshwa kadi ya njano, alicheza faulo. Sikazwe alipeleka mkono mfukoni, kisha akaurudisha mtupu. Ramos akabaki uwanjani na Madrid wakashinda 4-2 katika muda wa nyongeza. Wajapani hawajasahau.

Februari 2017 alichezesha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Kameruni na Misri. Mwaka 2018 alikwenda Kombe la Dunia nchini Urusi. Mwishoni mwa mwaka huo huo, CAF ikamsimamisha kwa tuhuma zilizofuata nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Espérance ya Tunisia na Primeiro de Agosto ya Angola. Januari 2019 alisafishwa, akarudi kazini.

Kisha ikaja Limbe, Kameruni, tarehe 12 Januari 2022. Mali walikuwa wakiongoza Tunisia 1-0. Sikazwe alipuliza kipenga cha mwisho dakika ya 85. Alipokumbushwa, mchezo ukaendelea, kisha akaumaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Mechi ilikuwa imesimama kwa penalti mbili na kadi nyekundu iliyokaguliwa kwenye video, kwa hiyo wengi walitarajia dakika nyingi za nyongeza. Baadaye waandaaji waliagiza timu zirudi kumalizia. Mali walitoka, Tunisia wakakataa. Sikazwe alieleza siku zilizofuata kwamba joto kali lilimzidi akachanganyikiwa. Tunisia walilalamika rasmi. CAF ikatupa malalamiko yao na matokeo yakabaki.

Zipo dakika ambazo hazikuchezwa, dunia nzima iliona, na bado matokeo hayakuguswa. Kwa nini?

Kosa la jicho hubaki lilivyo

Sheria ya 5 ya soka inasema maamuzi ya mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo ni ya mwisho, pamoja na kama bao limefungwa au halikufungwa, na pamoja na matokeo ya mechi. Sheria ya 7 inamwachia yeye kuamua ni muda gani ulipotea na utafidiwa vipi. Uamuzi unaweza kubadilishwa kabla mchezo haujaanza tena. Mwamuzi akishapuliza cha mwisho na kutoka uwanjani, basi.

Hilo ndilo lililowakuta Yanga tarehe 5 Aprili 2024 mjini Pretoria. Ilikuwa marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Mamelodi Sundowns, baada ya suluhu ya Dar es Salaam. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa wa panya, likadunda chini karibu na mstari. Wachezaji wa Yanga walishangilia. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa bao, na waamuzi wa video hawakumgeuza. Mechi ikaisha 0-0 na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Aziz Ki mwenyewe alikosa yake.

Ili bao liwe bao, mpira wote lazima uvuke mstari wote. Mtambo maalumu wa mstari wa goli hutoa jibu la ndiyo au hapana kwa sekunde moja, lakini mechi ile haikuwa nao. Waamuzi wa video hutegemea kamera zilizopo, nao wakati huo waliruhusiwa kuingilia mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi iliyotolewa kwa mchezaji asiyehusika. Tena lazima kosa liwe dhahiri. Picha ikiacha shaka, uamuzi wa uwanjani husimama. Yanga walipeleka malalamiko CAF. Hawakurudiwa mechi, kwa sababu walichokuwa wakikilalamikia ni jicho la mwamuzi.

Wamarekani nao wameonja kidonda hicho kwenye mpira wao wa mikono wenye umbo la yai. Tarehe 20 Januari 2019, New Orleans Saints na Los Angeles Rams walikuwa 20-20, zikibaki chini ya dakika mbili, na mshindi alikuwa anakwenda fainali ya taifa. Beki wa Rams alimgonga mpokeaji wa Saints kabla mpira haujamfikia. Waamuzi saba walikuwa uwanjani, hakuna aliyerusha kitambaa cha faulo. Rams wakashinda 26-23 katika muda wa nyongeza. Mkuu wa ligi alikiri hadharani kwamba faulo ile ilipaswa kupigwa. Mashabiki wakaenda hadi mahakamani, wakashindwa. Msimu uliofuata ligi iliruhusu kosa la aina hiyo kukaguliwa kwenye video, na baada ya msimu mmoja tu ikaliondoa. Mechi yenyewe haikurudiwa hata dakika moja.

Kosa la sheria na mkono mchafu

Mambo hubadilika pale mwamuzi anapokosea kitabu. Septemba 2005, Uzbekistan waliifunga Bahrain 1-0 katika mechi ya mtoano ya kuwania Kombe la Dunia. Katika mechi hiyo Uzbekistan walifunga penalti, lakini mwenzao alikuwa ameingia kwenye eneo kabla ya mpira kupigwa. Sheria ilitaka penalti irudiwe. Mwamuzi badala yake akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Hilo halikuwa suala la jicho: alikiona kilichotokea, akatumia sheria isiyokuwepo. FIFA ikafuta matokeo na kuagiza mechi irudiwe. Kilichofuata ni funzo jingine. Mechi ya marudio iliisha 1-1, kisha 0-0 ugenini, na Bahrain wakapita kwa bao la ugenini. Uzbekistan walikuwa wameshinda kesi na kupoteza ushindi waliokuwa nao mkononi.

Senegal ni habari nyingine. Tarehe 12 Novemba 2016, Afrika Kusini iliwafunga 2-1 mjini Polokwane. Penalti moja ilitolewa kwa madai kwamba Kalidou Koulibaly ameshika mpira, ilhali ulimgonga gotini. Kama ingekuwa kosa la jicho tu, Senegal wangekaa kimya kama Yanga. Lakini FIFA ilimtia hatiani mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana kwa kuathiri matokeo, ikamfungia maisha na kuagiza mechi irudiwe. Novemba 2017 Senegal wakashinda 2-0 pale pale Afrika Kusini na kukata tiketi ya Urusi.

Kosa la karatasi

Kwa watu wa Mweru, kesi ya karibu zaidi ni ya mwaka 2011. TP Mazembe waliitoa Simba katika Ligi ya Mabingwa kwa jumla ya mabao 6-3, wakaitoa na Wydad Casablanca. Uwanjani hapakuwa na ubishi. Lakini Simba walikuwa wamewasilisha pingamizi kuhusu uhalali wa mchezaji Janvier Besala Bokungu. CAF ikakubali pingamizi na kuwaondoa Mazembe, waliokuwa mabingwa watetezi. Simba na Wydad wakapambanishwa mechi moja mjini Cairo, na Wydad wakashinda 3-0. Mabao sita ya Lubumbashi na Dar es Salaam yaliangushwa na hati moja.

Hata hati lakini lazima ifike kwenye meza yenye mamlaka. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2019 mjini Tunis, Wydad walikataliwa bao, wakataka video itazamwe, wakaambiwa mtambo haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Kamati ya utendaji ya CAF ikaagiza mechi irudiwe. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaitengua amri hiyo, ikisema kamati ile haikuwa na mamlaka ya kuitoa. Espérance wakabaki na kombe.

Mfanyabiashara ana la kuchukua hapa. Uzito uliosomwa vibaya ukaukubali na mzigo ukaondoka, hilo ni kosa la jicho: lisemee pale pale, mbele ya mzani, mzigo haujaguswa. Ushuru uliotozwa kinyume na bei iliyoandikwa ni kosa la sheria: hilo lina rufaa, kwa sharti uwe na risiti na ujue kipengele unachokisimamia. Aliyedai chochote pembeni bila risiti ni mkono mchafu, na kesi yake ni ya ofisi nyingine kabisa. Wengi hushindwa si kwa kuwa hawakuonewa, bali kwa kuwa walipeleka kosa la aina moja kwenye meza ya aina nyingine, au walilipeleka boti ikiwa imekwisha kuvuka.

Mwaka 1974 mjini Cairo, Zambia na Zaire walitoka 2-2 katika fainali ya Afrika. Siku mbili baadaye walirudiana, na mabao mawili ya Ndaye Mulamba yakawapa Zaire kombe. Marudiano yale hayakutokana na malalamiko ya mtu. Ndivyo kanuni za siku hizo zilivyotaka. Pande zote mbili za Mweru zilikuwa na timu yao uwanjani, na zote mbili zilijua kanuni hiyo kabla mpira haujaanza.