Gari Gani la Kuipeleka Familia Mbamba Bay?

Likizo ya Juni inapokaribia, familia nyingi za Dar es Salaam zenye asili ya Mbinga na Nyasa huanza kupanga safari ya kwenda kuwasalimia wazee. Mazungumzo huanzia kwenye gharama ya mafuta. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: ni gari la aina gani litakalombeba bibi, mama anayenyonyesha na watoto kwa zaidi ya kilomita 1,000, kisha liwateremshe salama hadi ufukweni?

Wengi huchagua gari kwa kuitazama barabara ya mwanzo. Kupitia Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe na Songea, njia ni ya lami. Mtihani mkubwa umo katika kilomita 66 za mwisho. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko takribani mita 475. Lami imeondoa tope na vumbi, lakini milima na kona zingali pale pale. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu, hasa gari likiwa limezidishiwa mzigo. Dereva mwenye busara hutumia gia ndogo tangu juu ya mteremko.

Basi tuyapime magari yenyewe. Gari dogo la watu watano hula mafuta machache, ila familia ya watu wanane haienei humo pasipo kupakatana, na mtoto aliyepakatwa hana mkanda. Noah huitosha familia ya wastani, mradi abiria wasizidi mikanda. Ikumbukwe kuwa viti vyote vikijaa, nafasi ya mizigo hubaki finyu, nayo safari ya kurudi huja na mahindi, kahawa na dagaa. Familia mbili au tatu zinaweza kuchangia Coaster. Hapo gharama hugawanyika, lakini dereva awe na leseni ya daraja la gari hilo, na awepo wa kumpokea.

Lipo pia gari lenye hema juu ya paa, ambalo watalii hulala humo. Huwafaa watu wawili wenye nguvu. Bibi hawezi kupanda ngazi usiku, na hema moja halitenganishi malazi ya wazazi, mabinti na wavulana kama adabu yetu inavyotaka. Ni afadhali kulala katika nyumba ya wageni Iringa au Makambako, na safari ikakamilika kwa siku mbili. Mablanketi yasisahauliwe, kwani baridi ya Njombe mwezi Juni si ya mzaha.

Dini imempa msafiri wepesi wa kupunguza swala na kuzikusanya. Vituo vya swala viwe pia vya kumpumzisha dereva, kunyoosha miguu ya wazee na kukagua matairi.

Ndugu mzazi, kabla hujalipia gari, iketishe familia yote ndani yake pamoja na mizigo, kila mmoja afunge mkanda. Akikosa mkanda hata mtoto mmoja, tafuta gari jingine.