Kongwa: Reli iliyokosa mzigo

MFANYABIASHARA anayenunua mahindi katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, husafirisha magunia yake kwa lori. Ni wachache wanaokumbuka kuwa Kongwa iliwahi kuwa na treni yake.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, enzi za Wajerumani, na Kigoma mwaka 1914. Kongwa ilibaki kando hadi mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Likajengwa tawi la reli kutoka stesheni ya Msagali hadi Kongwa. Mitambo na mahitaji ya kambi yaliingia kwa njia hiyo. Karanga zilitarajiwa kutoka kwa njia hiyo hiyo kwenda bandarini.

Karanga hazikupatikana za kutosha. Mpango ulilenga ekari zaidi ya milioni tatu, lakini hesabu zilipigwa kabla mvua na udongo havijachunguzwa vizuri. Mizizi ya vichaka iliharibu zana, na mvua zilipokatika udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikiwa bado ardhini. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa, ukiwa umemeza karibu paundi milioni 36. Tawi la Kongwa nalo likafungwa katika miaka hiyo ya 1950.

Reli ina gharama zisizopungua. Tuta, madaraja na mishahara hulipiwa, behewa lijae au liwe tupu. Kinachopunguza gharama kwa kila gunia ni wingi wa mzigo, na mzigo hutoka shambani. Wagogo walijua hilo shamba linataka nini: walilima mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame. Kibaigwa haina reli, lakini malori huifuata kwa sababu nafaka ipo.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na matumaini ya wafanyabiashara yamepanda. Kabla hujakopa fedha kujenga ghala karibu na stesheni, jiulize: vijiji vinavyonizunguka huvuna magunia mangapi mwaka wa mvua haba? Jibu hilo ndilo litakalolipa mkopo wako.