Namna Tatu za Kuchonga Gia za Meno Yaliyopinda

Katika difu ya lori, gia mbili zenye umbo la pia hugeuza mzunguko kwa pembe-mraba. Meno yake yamepinda, hivyo jino moja haliachii kabla jingine halijashika. Mzigo hugawanyika na kelele hupungua.

Je, meno hayo huchongwaje? Katika njia ya kwanza, gurudumu la visu huchonga nafasi moja kati ya meno, kisha gia husogezwa hadi nafasi ifuatayo. Upinde huwa sehemu ya duara. Kwa hiyo jiwe la kusagia laweza kuufuata baada ya chuma kukazwa kwa moto. Katika ya pili, visu na gia huzunguka pamoja bila kusita. Kazi huenda upesi, lakini upinde si wa duara. Aghalabu gia hizo husuguanishwa kwa mafuta yenye unga mkali mpaka zilingane. Ya tatu ni mashine ya mihimili mitano iongozwayo na kompyuta: ni ya polepole, lakini haihitaji visu maalumu, nayo hufaa gia kubwa zinazotakiwa chache.

Mwanafunzi na azingatie: gia zilizosuguanishwa ni jozi. Moja ikivunjika, zote mbili hubadilishwa. Mpya ikikutanishwa na kuukuu, mzigo waweza kuangukia ncha ya jino, nalo likakatika.