Jiji Limeelemewa, Tuanze na Lipi?

Umeyasikia kijiweni, umeyasikia kwenye daladala, hata msibani. Kila mtu ana dawa yake ya Dar es Salaam. Mmoja anataka barabara, mwingine anataka maji, wa tatu anataka wote waliojenga mabondeni waondolewe kesho asubuhi. Matatizo ni mengi kweli, na fedha hazitoshi kuyatatua yote kwa mpigo. Kwa hiyo swali gumu ni lipi litangulie. Tuyapime majibu yanayozunguka mitaani.

"Foleni ndiyo shida kubwa. Panua barabara, mengine yatajipa."

Si kweli. Foleni inaumiza, na aliyewahi kukwama Ubungo jioni hahitaji kuelezwa. Lakini barabara pana huvuta magari mengine. Huko Houston, Marekani, barabara kuu ya Katy ilipanuliwa hadi kufikia njia 26 katika sehemu yake pana zaidi, na kazi ikakamilika mwaka 2008. Kati ya 2011 na 2014, muda wa safari za asubuhi na jioni uliongezeka tena.

Hapa kwetu twende Jangwani. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na yaliwapunguzia watu wa Kimara adha ya miaka mingi. Ila hapo Jangwani njia yao inakatiza bonde la Mto Msimbazi. Mvua ikikaza, maji yanapanda juu ya lami, barabara inafungwa, na abiria wa Kariakoo anashushwa Magomeni, viatu mkononi, akitafuta bodaboda ya kumzungusha. Sasa yafuate yale maji kurudi yalikotoka. Utakuta mitaro iliyojaa mchanga, chupa za plastiki, nepi na viroba vya taka. Foleni ya asubuhi hiyo haikuanzia kwenye lami. Ilianzia mtaa wa juu, ambako gari la taka halikupita, na wananchi wakamaliza shida yao mtaroni.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu: litangulie tatizo ambalo likiachwa linazaa mengine, hata kama halipigi kelele. Foleni inapiga kelele kwa sababu inawagusa wenye magari, na wenye magari wanasikilizwa. Mtaro hauna wa kuusemea.

"Waliojenga mabondeni wahame, mafuriko yataisha."

Nusu kweli. Kuishi bondeni ni hatari, hilo halina mjadala. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Lakini Mabwepande ni mbali na Kariakoo. Mbeba mizigo au mama lishe anakaa bondeni kwa sababu anaweza kutembea hadi kazini. Ukimhamishia mbali, nauli inakula kipato chake. Si ajabu kwamba wapo waliorudi.

Na hata bonde likibaki tupu, maji bado yatakuja, tena na uchafu. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Watu wanatumia vyoo vya shimo. Mvua ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo: wanatoboa ukuta wa shimo, kinyesi kinaondoka na mafuriko kwenda kwa jirani wa chini. Kumpigia kelele mtu huyo hakutoshi, maana huenda gari la kunyonya majitaka halipiti kwenye uchochoro wake, na likipita bei yake hawezi. Jiji likitaka kupunguza kipindupindu, lianze kwa kumfikishia huduma hiyo kwa bei anayoiweza.

"Jiji maskini halina la kufanya mpaka lipate fedha."

Si kweli, na ushahidi uko Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993 mji huo ulikuwa umetoka katika vita na mauaji ya halaiki. Mabomba yaliwafikia takriban robo tu ya wakazi, na zaidi ya asilimia 70 ya maji yalipotea kwa mivujo na wizi. Mkurugenzi mpya wa mamlaka ya maji, Ek Sonn Chan, angeweza kuanza na mtambo mkubwa wa kupigwa picha. Alianza na daftari la wateja: nani ana bomba, nani analipa, nani anaiba. Akafunga mita, akawaondoa watumishi walioshirikiana na wezi, akawabana wakubwa waliozoea maji ya bure. Imesimuliwa mara nyingi kwamba jenerali mmoja alimwelekezea bastola alipokwenda kumfungia mita. Chan akarudi na askari wenye silaha.

Wafadhili walichangia, tena pakubwa, na hilo lisifichwe. Ila fedha zao ziliingia kwenye chombo kilichokwisha zibwa matundu. Katika muda wa chini ya miaka 20, upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6 na maji yakatoka saa 24. Wakati jiji linasubiri fedha, basi, lifunge mianya inayovujisha zile lilizonazo.

"Makao makuu yakihama, jiji litapumua."

Si kweli. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973, na serikali ilianza kuhama kwa kasi 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022, milioni 5.38.

"Watu wajenge kwanza. Barabara na mabomba vitafuata."

Si kweli, na huu ndio uongo unaotugharimu kuliko wote. Katika miaka ya 1970 na 1980, mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia ulipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ukaacha nafasi za barabara na njia za maji kabla ya nyumba. Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha jenga, huduma ziliingizwa katikati ya nyumba. Watafiti waliolinganisha maeneo ya aina hizi mbili miongo kadhaa baadaye waliona yale yaliyopimwa mapema yana nyumba bora na mpangilio uliodumu; faida ya kuboresha baadaye ilikuwa ndogo mno. Leo hii, pembezoni mwa jiji, mashamba yanakatwa vipande na kuuzwa bila hata njia ya gari la zimamoto. Kuacha njia hiyo kwa sasa ni kazi ya mpimaji na vigingi. Baada ya miaka 10 itakuwa kazi ya tingatinga, fidia na machozi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Kweli tupu. Wazee walisema sawasawa. Mtaro unaozibuliwa Februari unahitaji koleo, toroli na vijana wa mtaa wanaolipwa. Usipozibuliwa, masika ya Machi yanaondoka na karavati, kisha barabara, kisha nyumba.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa mtaa unaokuja, kabla hamjaomba lami, mwombeni mwenyekiti ataje tarehe mbili: gari la taka linapita lini, na mtaro unazibuliwa lini. Ziandikwe kwenye muhtasari.