Kila Jumamosi alitoka na kamera, nikaamua kumfuata

Mwanamke yeyote aliyeolewa atanielewa. Mume anaamka saa 11 alfajiri siku ya Jumamosi, nje giza totoro na baridi inakata. Anavaa suruali mbili, anajaza chai kwenye chupa, anashuka ngazi kwa kunyata ili usiamke. Anarudi jioni midomo imepasuka kwa baridi, na ukimuuliza alikuwa wapi anakujibu, "Kuangalia ndege."

Ndege! Sasa we fikiria ungekuwa wewe.

Tunaishi Bristol, magharibi ya Uingereza, tangu 2018. Mimi ni mhasibu, mwenzangu ni fundi umeme. Kwao Moshi, kwetu Tanga, na huko tulikokulia mwanaume mzima hamwangalii ndege labda awe kashika manati. Mwenyewe aliwahi kunisimulia kuwa utotoni alikuwa bingwa wa kutega ndege kwa ulimbo. Kwa hiyo mwishoni mwa 2022, aliponunua kamera ya mtumba na lenzi ndefu kama bomba la maji, tena kwa pesa tuliyoiweka kwa ajili ya nauli ya kwenda nyumbani Krismasi, halafu akaanza kupotea kila wikiendi, sikumwamini hata kidogo.

Nikapekua simu yake. Najua, najua. Kurasa kama hizi zimewaambia mara mia msipekue simu za waume zenu. Nilipekua, nikakuta picha za bata. Bata weupe, mamia kwa mamia, na hakuna hata mwanamke mmoja. Badala ya kutulia nikazidi kuchanganyikiwa. Mwanamke mwingine ningejua la kumfanya, lakini bata?

Lazima niseme na hili, maana bila hilo hadithi haieleweki. Juni mwaka huo mimba yetu ya pili iliharibika, ikiwa na miezi minne. Hospitali walitupa kijitabu chenye picha ya maua kwenye jalada, tukarudi nyumbani. Tangu siku hiyo nyumba ikawa kimya. Huyu bwana akimaliza kula anaosha sahani yake, anapanda juu kulala. Hatukugombana, na nilitamani tugombane. Kelele pekee ilikuwa simu ya wifi yangu kila Jumapili: "Wifi, vipi, bado tu?"

Jumamosi moja ya Januari 2023 nilimtangulia kuamka. Aliposhuka alinikuta sebuleni, nimevaa koti na kilemba.

"Leo twende wote," nikamwambia.

Nilitegemea ababaike. Akaniangalia miguuni. "Hivyo viatu vitalowa, mke wangu."

Mwenye nyumba ndogo hajibu hivyo.

Mfereji na kandege kamoja

Tuliendesha kama kilometa 40 kuelekea kaskazini hadi Slimbridge, kijiji kilicho karibu na mto Severn. Tukaegesha gari karibu na daraja la mfereji, ule uliochimbwa zamani ili meli zifike mjini Gloucester, tukaanza kutembea kandokando ya maji. Mwezi huo jua huku linachomoza kama saa 2 na robo asubuhi, na saa 10 na nusu jioni limeshazama. Majani yalikuwa yameganda, ukikanyaga ni kama unatembea juu ya chumvi ya mawe. Nilikuwa na soksi jozi tatu na bado vidole sikuvisikia.

Nikamuuliza kwa nini asingoje wakati wa joto kama binadamu wengine. Na hapo, jamani, mtu ambaye nyumbani alikuwa hazidishi maneno kumi kwa siku, aliongea kwa nusu saa. Akasema wakati wa baridi miti haina jani, kwa hiyo ndege hana pa kujificha. Jua halipandi juu, linatembea chini chini siku nzima, basi mchana kutwa unapata ule mwanga laini ambao kwetu unaupata saa 12 jioni tu. Na ndege wa nchi za barafu, ambao kiangazi wako mbali Urusi na Skandinavia, ndio wakati wao wa kuja Uingereza, kwa kuwa kwao maji yote yameganda. Yaani kuna viumbe wanaokuja Bristol kufuata joto. Nilicheka mpaka akanifanyia ishara ninyamaze.

Kwenye kichaka palikuwa na kandege kamoja, kifua cha rangi ya chungwa, kanaimba. Waingereza wanakaita robin. Akaninong'oneza kwamba ndege wengi huku hunyamaza wakati wa baridi, ila huyu anaendelea. Kisha akaniambia jambo ambalo nililiwaza njia nzima. Msimu wa baridi dume na jike wa robin hawakai pamoja. Kila mmoja ana eneo lake, analilinda peke yake, na hata jike anaimba kuwafukuza wenzake. Kuanzia Januari hivi ndipo wanaanza tena kukaribiana wawili wawili.

"Huyu ni dume au jike?" nikauliza.

"Kwa macho huwezi kujua. Wanafanana."

Akapiga magoti kwenye umande ulioganda, akapiga picha mbili, betri ikafa. Hakushtuka. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa nyingine yenye joto la mwili wake. Baridi hunyonya chaji, akasema, betri ya akiba inakaa kifuani. Mimi nikawa namwangalia tu. Alikuwa amejifunza yote haya lini, na mimi nilikuwa wapi?

Waliotengana

Saa ya kufungua ilipofika tukaingia kwenye hifadhi. Aliianzisha mchoraji na mtaalamu wa ndege, Peter Scott, mwaka 1946. Unalipa kiingilio, halafu unakaa ndani ya vibanda vya mbao vyenye vidirisha vyembamba, unawaona ndege na wao hawakuoni. Humo watu hawaongei. Ni kama msikitini kabla ya swala.

Nje, kwenye maji, walikuwepo wale bata wa kwenye simu. Ni bata maji wa Bewick, weupe, shingo ndefu, wanaosafiri zaidi ya kilometa 3,000 kutoka kaskazini kabisa mwa Urusi. Mwaka 1964 Peter Scott aligundua kuwa hawafanani. Kila mmoja ana madoa yake ya njano na nyeusi kwenye mdomo, kama sisi na alama za vidole. Akaanza kuwachora nyuso na kuwapa majina, na kazi hiyo ikaendelea baada yake, kwa hiyo watu wa pale wanajua nani amerudi na nani, mwaka hadi mwaka. Watoto ni wale wa kijivu. Msimu wao wa kwanza wanasafiri na kukaa na baba na mama.

Mama mmoja mtu mzima, mfanyakazi wa kujitolea, alitukaribisha. Alimfahamu mume wangu! Kwa uchangamfu akanisimulia kuwa ndege hawa wakioana kwa kawaida ni mpaka kifo. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2010 wataalamu walipigwa na butwaa: wawili waliokuwa pamoja, Sarindi na Saruni, walirudi kila mmoja na mwenza mpya, wakakaa kwenye ziwa lilelile bila hata kusalimiana. Kwa zaidi ya miaka 40, na jozi kama 4,000 zilizochunguzwa, hiyo ilikuwa mara ya pili tu.

"Walikosana nini?" nikauliza.

Akasema hakuna mwenye uhakika, ila wataalamu walihisi ni kwa sababu hawakufanikiwa kupata watoto.

Yule mama hakuwa na kosa, angejuaje? Lakini mimi nilihisi kibanda kinanizunguka. Nikatoka nje. Yaani hata bata! Nimevuka bahari kuwakimbia watu wenye swali hilo, nalo linakuja kunikuta kwenye matope ya Severn.

Mume wangu akanifuata. Hakusema pole. Akawasha kioo cha kamera, akanionyesha picha. Bata wawili, hakuna wa kijivu katikati yao. Akasogeza. Walewale wawili, tarehe za Novemba. Desemba. Wiki iliyopita. Alinionyesha doa la njano kwenye mdomo wa mmoja, limekatika kama ramani ya Zanzibar, ili niamini kuwa ni walewale.

"Hawa hawana mtoto," akasema. "Hiyo hadithi nimeisikia siku ya kwanza niliyokuja. Kila wiki nakuja kuangalia kama bado wako pamoja."

Tulikaa kwenye gari na hita imewashwa mpaka vioo vikafunikwa na mvuke. Akaniambia kuwa siku ile hospitali alihesabu vigae vya ukutani, 212, asije akalia mbele yangu. Akaniambia nauli aliila makusudi, hakutaka nikakae sebuleni kwao Krismasi niangaliwe tumbo. Mimi nikamwambia kuhusu simu yake niliyopekua. Alicheka. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu Juni.

Jumapili wifi alipopiga, alipokea yeye. "Dada, salamu tunazipokea. Hilo lingine usituulize tena." Wifi alininunia kama miezi mitatu. Nilimudu.

Na wewe ukitaka kujaribu

Si lazima uanze na lenzi ya bei mbaya. Mimi nina darubini ndogo tu, na naona mengi kuliko yeye anayehangaika na vitufe. Mwenye kamera ajue kuwa ndege mweupe kwenye maji meusi hutoka kama shuka, hana hata manyoya, mpaka upunguze mwanga kidogo. Kwenye theluji ni kinyume, unauongeza. Ndege anayeruka anataka kasi, angalau sehemu moja ya elfu ya sekunde. Buti zisizopitisha maji ninunulie mimi, tafadhali, kabla ya lenzi nyingine. Na msipigane kelele mtu akikosa picha. Tumeshanuniana nusu siku kwa sababu nilifungua pakiti ya krispi.

Mlioko nyumbani msione wivu. Oktoba hadi Aprili ndege wengi wanaoikimbia baridi ya Ulaya na Asia wako kwenu, mbayuwayu wakiwemo. Nairobi kuna matembezi ya Nature Kenya ya Jumatano asubuhi, ila hiyo kwa mwajiriwa ni mtihani.

Wale wetu wawili waliondoka na wenzao mwishoni mwa Februari. Novemba tulirudi kuwatafuta, kisha Desemba, kisha Januari. Hatujawaona. Yule mama alitueleza kuwa bata hawa wa Ulaya walipungua kwa zaidi ya theluthi moja kati ya 1995 na 2010, na kwamba siku hizi, kwa vile baridi imepungua, wengi wanaishia Uholanzi na Ujerumani bila kufika Uingereza. Kwa hiyo huenda wako hai huko. Mume wangu amechapisha picha yao, ipo jikoni juu ya birika. Mtoto bado. Jumamosi hii tukijaliwa tunaamka saa 11, chai nachemsha mimi.